GPA ya 3.4 na masta ya Ujerumani: inawezekana, ila anza na hela

Swali lililonifikia nimelifupisha kidogo, linasema hivi:

"Dada shikamoo. Nimemaliza BSc ya kilimo SUA, Chuo cha Sokoine pale Morogoro, mwaka 2021, GPA yangu 3.4. Mwaka wa kwanza nilikula sapu mbili (mitihani ya marudio), hizo ndio zikaniangusha. Tangu Machi 2022 niko kwenye shirika moja Ifakara, tunafanya kazi na wakulima wa mpunga, mambo ya mbegu. Nataka masta nje, hasa Ujerumani maana nasikia hawatozi ada. Washkaji wananiambia kama huna apa sekondi, yaani GPA ya 3.5 kwenda juu, usijisumbue. Kuna ajenti Dar anataka milioni mbili anipatie admisheni, anasema skolashipu nitatafuta nikishafika. Mwingine kaniambia niache kazi nijiandae vizuri. Nianzie wapi dada?"

Marahaba mdogo wangu, na pole kwa kelele zote hizo.

Nianze na hiyo milioni mbili kwa sababu ndio inayoweza kukutoka kesho asubuhi kabla hujamaliza kunisoma: usitoe. Vyuo vya umma vya Ujerumani unaaplai mwenyewe, ama kwenye mfumo wa chuo chenyewe ama kupitia uni-assist, hao ni ofisi inayopokea na kukagua maombi ya wageni kwa niaba ya vyuo vingi. uni-assist wanachaji euro 75 kwa ombi la kwanza na euro 30 kwa kila ombi unaloongeza kwenye muhula huohuo, na kozi nyingine zinazopokea maombi zenyewe hazichaji hata senti. Ajenti hana mtu wa kumpigia simu kule. Anachofanya ni kujaza fomu ambayo hata wewe ungeijaza umekaa hapohapo Ifakara, tena anaijaza vibaya maana hajui ulisoma nini wala unafanya kazi gani. Nimeshasoma barua za watu waliopitia kwa ajenti, fani tofauti kabisa, mmoja kilimo mwingine mambo ya maji, aya ya kwanza ileile neno kwa neno. Wanaosoma maombi wanaziona hizo mara moja.

Ila kilichonishtua kuliko milioni mbili ni hiyo kauli ya "hela utatafuta ukishafika". Hapo ndipo vijana wetu wengi wanachoma mwaka mzima. Kwa mtu ambaye nyumbani hakuna hela ya kumsomesha nje, unatafuta kwanza nani atalipa, halafu ndio unachagua kozi kutoka kwenye orodha ya huyo anayelipa. Wengi wanaenda kinyume, wanatafuta admisheni kwanza, wanaipata kweli, wanaposti, wanapongezwa, halafu inakuja kugundulika hakuna pa kwenda nayo.

Ngoja nikuonyeshe kwa nini. Ni kweli vyuo vingi vya umma Ujerumani havitozi ada hata kwa mgeni, unalipa mchango wa muhula tu, na mara nyingi humohumo kuna tiketi ya mabasi na treni. Sio vyote lakini. Jimbo la Baden-Württemberg, ambako ndiko kiliko chuo cha Hohenheim ambacho watu wa kilimo tunakipenda sana, linatoza wanafunzi kutoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula, na TUM, chuo kikuu cha ufundi cha Munich, nao wameanza kutoza wageni tangu muhula wa baridi wa 2024/25, masta inaanzia euro 4,000 kwa muhula. Kwa hiyo ukisikia "Ujerumani bure" uliza bure wapi.

Lakini hata pasipo na ada, kuna viza. Ubalozi unataka uthibitisho kwamba una hela ya kuishi mwaka wa kwanza wote, na njia ya kawaida ni kufungua akaunti maalum, wenyewe wanaiita Sperrkonto, unaingiza euro 11,904 kwa mkupuo, halafu ukishafika unaruhusiwa kutoa euro 992 kwa mwezi basi. Hiyo kwa shilingi ni zaidi ya milioni 30, kabla hujapanda ndege. Mtu atakuambia utafanya kazi kule, na ni kweli mwanafunzi anaruhusiwa kufanya kazi siku nzima 140 au nusu siku 280 kwa mwaka, ila hiyo ni ukishaingia, ubalozi haukupi viza kwa ahadi kwamba utaosha vyombo. Kinachoweza kukaa mahali pa hiyo akaunti ni barua ya skolashipu inayotambulika, au mtu anayeishi kule aende ofisi za wageni akaweke saini kwamba atakugharamia. Kama huna shangazi wa namna hiyo Hamburg, unabaki na skolashipu.

Sasa kwa hali yako mimi ningeanza na DAAD, shirika la Ujerumani linalotoa skolashipu, na sio DAAD kwa ujumla wake maana wana mipango mingi mtu unapotea, nenda kwenye mpango wao unaoitwa EPOS. Huu ni wa kozi za uzamili zinazohusu maendeleo, kwa watu wa nchi zinazoendelea, na masharti yake makubwa ni kwamba uwe na digrii ya kwanza, uwe umefanya kazi inayoendana na fani angalau miaka miwili baada ya kumaliza, na digrii yako isiwe na zaidi ya miaka sita siku unayoaplai. Jipime hapo. Kazi unayo tangu Machi 2022, miaka miwili ilishapita. Umemaliza 2021, maana yake miaka sita inaisha 2027, kwa hiyo muda unao ila sio wa kuchezea, huu sio mpango wa kusema nitaaplai nikishajenga. Yaani ukiacha hiyo GPA, ambayo nakuja nayo, hili shati limeshonwa kwa vipimo vyako.

Wanalipa nini: posho ya euro 992 kwa mwezi kwa ngazi ya masta, bima ya afya, mchango wa nauli, na kwa kawaida kozi ya Kijerumani kabla masomo hayajaanza. Na hapa kuna kitu watu wanakosea kila mwaka, ombi la EPOS haulipeleki DAAD. Unalipeleka kwenye kozi yenyewe kule chuoni, wao ndio wanachambua na kupendekeza majina kwa DAAD. DAAD wanatoa orodha ya kozi zilizomo kila mwaka, unaipakua, unasoma kozi moja moja. Kwenye kilimo na maliasili kuna ambazo zimekuwemo kwa muda mrefu, kama ARTS ya Bonn ambayo ni kilimo na rasilimali za nchi za joto, SIA ambayo wanaiendesha Göttingen na Kassel kwa pamoja, na ile ya misitu ya TU Dresden. Orodha inabadilika badilika, kwa hiyo usishike majina haya kama msahafu, shika orodha ya mwaka unaoaplai.

Na dedilaini. Hii soma mara mbili. Kwenye kozi hizohizo kunakuwa na tarehe mbili, moja ya wanaoomba na skolashipu ya EPOS, nyingine ya wanaojilipia, na ya EPOS inakuja mapema zaidi, kwa kozi inayoanza Oktoba unaweza kukuta EPOS yake inafungwa mwaka mmoja kabla au karibu na hapo. Sasa huyu wa "admisheni kwanza" anaaplai kwa ile tarehe ya kujilipia, anapata barua mwezi wa tano, anakimbia DAAD na barua mkononi, anaambiwa ya mwaka huu tulifunga mwaka jana. Hakuna wa kumlaumu. Tarehe iliandikwa pale ila alikuwa anaangalia ya chini yake.

Haya, twende kwenye 3.4 inayokunyima usingizi.

Wajerumani wana namna yao ya kugeuza alama za kigeni, inaitwa fomula ya Bavaria, na kwa skeli yetu ya 5.0 ambapo kufaulu kunaanzia 2.0 inatoka rahisi kupita kiasi. Kwao 1.0 ndio bora kabisa na 4.0 ndio umepita kwa kuponea. Unachukua alama ya juu kabisa ukatoa yako, 5.0 toa 3.4 ni 1.6. Unagawanya kwa tofauti ya alama ya juu na ya chini ya kufaulu, 5.0 toa 2.0 ni 3.0. Unazidisha kwa 3, unajumlisha 1. Inatoka 2.6. Ukiangalia vizuri utaona ile 3 ya kugawanya na 3 ya kuzidisha zinauana, kwa hiyo mhitimu wa kwetu anaweza tu kutoa GPA yake kwenye 6 akapata jibu lilelile. 6 toa 3.4 ni 2.6, basi. Chuo ndicho kitakachopiga hesabu rasmi, hii ni ya wewe kujua umesimama wapi kabla hujalipa euro 75 za watu.

Na umesimama pabaya kidogo, sikufichi. Kozi nyingi zimeandika wanataka 2.5 au bora zaidi, na 2.5 ni GPA ya 3.5, palepale apa sekondi yetu inapoanzia. Kwa hiyo washkaji hawajatunga, wewe umekosa kwa desimali moja. Kilicho uongo ni hiyo "usijisumbue". Kuna kozi zimeweka kikomo 3.0, ambacho kwako ni GPA ya 3.0 tu, kuna ambazo hazina kikomo zinasema matokeo yawe juu ya wastani halafu zinapima vitu vyote kwa pamoja, na kuna ambazo zinatoa pointi, alama za digrii zina pointi zake, masomo yanayoendana yana zake, uzoefu wa kazi una zake, barua ina zake. Kwenye hizo mbili za mwisho mtu wa 3.4 mwenye miaka kadhaa shambani na wakulima anampita mtu wa 3.9 aliyetoka chuoni juzi. Tena kwa EPOS hiyo kazi ndio roho ya mpango wenyewe.

Kwa hiyo kazi yako ya kwanza wiki hii sio kuandika barua. Chukua orodha, fungua ukurasa wa masharti wa kila kozi inayokuhusu, na zile zilizoandika 2.5 kama sharti la lazima zifute bila huruma. Usiwaandikie kuwaomba wakufikirie, sharti la lazima kule ni la lazima kweli, ofisi inakukata kabla profesa hajaona jina lako. Utakazobaki nazo hazitakuwa nyingi na ni afadhali, maana maombi matatu yaliyotengenezwa vizuri yanashinda kumi na tano ya kukopi na kupesti.

Jambo dogo hapohapo: ukikuta fomu inauliza GPA, andika 3.4 na skeli 5.0 kama ilivyo kwenye transkripti. Usiigeuze mwenyewe kwenda 4.0. Nimeona mtu kaandika 3.4 kwenye boksi la skeli ya 4.0 na hakuwa na nia mbaya, ila anayekagua ana transkripti mbele yake, anaona namba haziendani, na hana muda wa kujua nia ya mtu.

Na hizo sapu. Zinaonekana kwenye transkripti, usizifiche na usizililie. Watu wanaandika aya nzima ya msiba na ugonjwa na bodi ya mikopo ilichelewa, mpaka anayesoma anakuonea huruma, na huruma haina pointi. Kaa upige GPA ya mwaka wa pili na wa tatu peke yake. Kama imepanda kwa maana, andika sentensi moja: mwaka wa kwanza nilianza vibaya, miaka miwili iliyofuata wastani wangu ulikuwa kadhaa. Kama haijapanda sana nyamaza, zungumzia kazi.

Sasa nakuja kwenye kitu ambacho hakuna anayekiongelea kwenye magrupu ya skolashipu na ndicho kinachowakata watu wengi wenye GPA nzuri tu. Masomo yako yaendane na wanayoyataka wao. Ukurasa wa masharti utakuta umeandika kwa mfano uwe na ECTS kadhaa za sayansi ya mimea, kadhaa za udongo, kadhaa za uchumi au takwimu. ECTS ni krediti za Ulaya. Mwaka mmoja wa masomo kule ni 60, mwaka mmoja kwetu kwa utaratibu wa TCU, tume yetu ya vyuo vikuu, ni krediti 120, kwa hiyo kwa haraka haraka unagawa kwa mbili: digrii yako ya miaka mitatu yenye krediti 360 inakuwa ECTS 180, na somo la krediti 10 linakuwa 5. Sasa kaa na transkripti yako na kalamu, tengeneza jedwali, upande mmoja sharti lao, upande mwingine masomo yako yanayoliziba na krediti zake. Hata kama hawajaomba jedwali, liambatanishe kama mfumo unaruhusu kupakia karatasi ya ziada.

Kwa nini nasisitiza hili: majina ya masomo yetu yanaficha vitu. Umesoma takwimu nusu muhula lakini zilikuwa ndani ya somo linaloitwa mbinu za utafiti. Mtu wa Göttingen anasoma transkripti haoni neno takwimu, anaweka sifuri, na yeye hana kosa. Nenda idarani omba maelezo ya kozi, ile silabasi inayoonyesha mada za kila wiki, wengi wetu tukishamaliza hatujui hata inakaa wapi. Ukiwa nayo unaweka kwenye jedwali "mbinu za utafiti, ndani yake takwimu" na unaambatanisha ukurasa. Hiyo ndio tofauti ya mtu kukataliwa kwa "masharti hayajatimia" na mtu kupita kwenda hatua ya kusomwa barua.

Haya barua yenyewe. EPOS wanataka barua ya motisha isiyozidi kurasa mbili, na wanasema wazi ihusishwe na kazi unayofanya sasa. Wewe unaanzaje? Najua unaanzaje, "tangu nikiwa mdogo nimekuwa nikipenda kilimo kwani ni uti wa mgongo wa taifa". Futa. Hiyo sentensi imeandikwa na nusu ya Afrika Mashariki. Anza na mpunga. Umeniambia unafanya mambo ya mbegu Ifakara. Mimi sijui unaona nini huko kila siku ila wewe unajua. Tuseme wakulima wako wanarudia mbegu ya SARO 5 waliyovuna wenyewe msimu baada ya msimu, inachanganyika na mbegu nyingine, mavuno yanashuka, na wewe umejaribu kuwapa mbegu iliyothibitishwa wakakuambia bei haiendi. Hilo ni tatizo halisi lenye mahali na watu. Liandike kwa aya moja. Aya ya pili, mlijaribu nini na kilikwama wapi. Ya tatu, ni nini hujui ambacho kingekusaidia kulitatua, na hapo unataja somo au walimu wawili watatu wa kitivo chao wanaofanya hicho kitu, kwa kusoma kweli ukurasa wa kozi sio kwa kutupia majina. Ya mwisho, utarudi kufanya nini, wapi, na nani. Hawa wanalipa ili mtu arudi na kitu, kwa hiyo "nitachangia maendeleo ya nchi yangu" haitoshi, waambie utachangia nini huko kwenu Kilombero.

Andika kwa Kiingereza cha kawaida unachokitumia kwenye ripoti za kazini. Ukimpa mtu akunyooshee sarufi sawa, ukimpa kompyuta ikuandikie yote utapata barua tamu isiyo na Ifakara ndani yake, na watu wa kamati wanazisoma nyingi za aina hiyo siku hizi wamechoka.

Barua za wadhamini wa kitaaluma. Hapa naongea kama mtu anayejua korido zetu. Utaenda kwa mwalimu wako, atakuambia kwa upole kabisa "andika mwenyewe nitasaini". Usiikatae kwa kumhubiria, mzee ana wanafunzi mia mbili na mitihani ya kusahihisha. Mwambie "sawa profesa, ngoja nikuletee taarifa zote kwenye ukurasa mmoja", halafu mpelekee: ulisoma naye nini na mwaka gani, utafiti wako wa mwisho ulihusu nini na uligundua nini, unaaplai kozi gani, wanataka barua izungumzie nini, dedilaini lini. Ukimpa hivyo wengi wanaandika wenyewe kwa nusu saa maana ugumu wao ulikuwa hawakukumbuki. Kumbuka umemaliza 2021, usitegemee sura yako tu. Nenda ofisini kama unaweza kufika Morogoro, mkoa ni huohuo, usimtumie WhatsApp saa nne usiku siku mbili kabla ya dedilaini. Na barua itoke kwenye imeili ya chuo, sio Gmail, iwe na nembo na saini.

Halafu EPOS wanataka pia barua ya mwajiri, yenye nembo, muhuri, saini na tarehe ya karibuni. Hii nayo muombe bosi mapema, na ongea naye vizuri maana wengine wakisikia unaondoka wananuna.

Makaratasi mengine napita haraka. Pasipoti kama huna anza sasa, ni shilingi 150,000 na lazima uwe na NIDA. Majina: toa cheti cha form four, cha form six, cha chuo, NIDA na pasipoti, viweke mezani pamoja uangalie herufi kwa herufi. Kuna watu form four wana majina mawili, chuoni matatu, kwenye NIDA jina la kati limegeuka kifupi, na hili ukilikuta mwezi mmoja kabla ya dedilaini utalia. Nenda kwa wakili ukalinyooshe mapema. Vyeti vya sekondari usiviache, wanavitaka pia. CV kwa muundo wa Europass, ule fomu ya CV ya Umoja wa Ulaya, na EPOS wanataka uisaini, kitu kidogo lakini watu wanasahau.

Kiingereza: kozi zingine zinakubali barua ya chuo kwamba ulisomeshwa kwa Kiingereza, zingine zinataka mtihani wa Kiingereza wa IELTS au TOEFL na hazisikilizi kitu. Soma kozi yako inasemaje kabla ya kulipia mtihani. Ukibidi kufanya, IELTS unafanya Dar, na majibu yanadumu miaka miwili, kwa hiyo usifanye mapema mno kwa kiherehere. Ila pia usisubiri wiki ya mwisho.

Kuhusu kuwaandikia maprofesa, najua umeona kwenye magrupu watu wanasema andikia maprofesa hamsini. Hiyo ni ya PhD, na hata huko hamsini ni uchafuzi. Kwa masta ya darasani Ujerumani profesa hana anachoweza kukufanyia, kuna mratibu wa kozi, na yeye umuandikie tu pale ambapo una swali ambalo ukurasa wao haujalijibu.

Nje ya Ujerumani nitakuwa mkweli usipoteze muda. Skolashipu ya Chevening ya Uingereza wanataka masaa 2,800 ya kazi ambayo unayo, lakini vyuo vyenyewe vya huko mara nyingi vinataka kiwango cha apa sekondi. Skolashipu ya Commonwealth, ile ya Jumuiya ya Madola, nao ni apa sekondi, labda uwe na loa sekondi na masta juu yake. Pan African University, ile ya Umoja wa Afrika yenye tawi pale chuo cha JKUAT Kenya, hivyohivyo apa sekondi. Kwako ningeongeza Erasmus Mundus, masta za Umoja wa Ulaya, hawa kila kozi inajiwekea masharti yake, skolashipu ni euro 1,400 kwa mwezi na ada haulipi, kuaplai ni bure, ushindani wake lakini ni mkali sana. Na VLIR-UOS ya Ubelgiji, wana masta za kilimo na Tanzania tumo kwenye nchi zao. Chagua moja au mbili hapo kama nyongeza, EPOS ibaki ndio kazi kubwa.

Ukikosa mwaka wa kwanza, na wengi wanakosa mwaka wa kwanza, usiandike kuwauliza kwa nini kwa hasira. Andika kwa adabu kuuliza kama shida ilikuwa masharti au ushindani. Kama ni masharti, hiyo kozi achana nayo. Kama ni ushindani, rudi mwaka unaofuata na barua mpya na mwaka mmoja zaidi wa kazi, ilimradi ile miaka sita haijakupita.

Na la mwisho uliloniuliza, kuacha kazi ili ujiandae. Usiache. Kwa mpango huu kazi ndio inayoibeba hiyo 3.4, barua inahusu kazi, bosi ndiye anayekuandikia muhuri, na mtu aliyeacha kazi mwezi wa sita akaaplai mwezi wa tisa ataulizwa swali ambalo halina jibu zuri. Kujiandaa kwenyewe ni jioni na wikiendi. Ukitaka cha kuongeza, muombe bosi akupe kipande cha kazi chenye namba ndani yake, kwa mfano kufuatilia mavuno ya wakulima waliotumia mbegu mpya na waliorudia ya zamani msimu huu, uyarekodi vizuri, na hayo ndio uyaweke kwenye ile aya ya pili ya barua.